Safari ya Tani Ishirini na Nane

Mume wangu aliniuliza uzito wa mama yake Jumamosi moja mchana, na mama yake amekaa palepale mezani anakunywa chai.

"Huyu kilo ngapi?" Kalamu iko mkononi, miwani iko puani.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia. "Mimi roho yangu bado naipenda."

Mama mkwe akaweka kikombe chini taratibu. "Kwani umewahi kunibeba wewe, hata utake kujua kilo zangu?"

"Mama, lazima nijue mzigo unakaa wapi. Nyuma kukizidi mbele, gari linayumba kwenye kona."

"Mzigo!" Akanigeukia mimi. "Umemsikia? Miezi tisa nimembeba sikumuuliza kilo zake, leo mimi ndiye mzigo."

Watoto wakacheka mpaka yule mdogo, Pilipili, akapaliwa na mkate. Ndivyo tulivyoanza kupanga safari yetu ya bustani ya michezo, na kama akili zangu zingekuwa nyumbani siku ile, hapohapo kwenye kilo za mama mkwe ningeshtuka. Sikushtuka. Nilikuwa na langu moyoni.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Dereva, hata mama yake akimkasirikia. Miaka kumi na minne anaendesha lori la saruji, lile lenye trela, tani ishirini na nane, kutoka kiwandani hadi mji ule wa mbali ambako barabara inaishia. Bustani yenyewe iko kulekule, kilomita elfu moja kasoro kidogo. Ina gurudumu refu kuliko ghorofa, ina treni inayopinduka watu miguu juu, ina bomba la maji unateleza ndani yake unatokea bwawani. Dereva huliona lile gurudumu akiwa barabarani, halafu anakuja kutusimulia, na watoto wanabaki na mate mdomoni. Mara mbili ameahidi kutupeleka. Mara ya kwanza mabegi yalifika mlangoni, simu ikaita, dereva mwenzake anaumwa. Mara ya pili mabegi hayakutoka hata chini ya kitanda. Mimi nina mdomo, nakubali, na mara zote mbili niliutumia.

Safari hii haikuwa ya kuahirisha, kwa sababu ya Wakili. Huyo ni binti yetu mkubwa, ana miaka kumi na mitatu, na jina hilo tumempa kwa kuwa hajawahi kukubali jambo bila kuuliza limeandikwa wapi. Wiki mbili baadaye alikuwa anakwenda shule ya bweni. Shule nzuri, ameipata kwa kichwa chake mwenyewe, nami nilitembea mtaa mzima natangaza. Lakini iko kilomita mia tatu kutoka nyumbani, kwenye barabara hiyohiyo ya Dereva, na barua ilipokuja nilimuuliza jambo moja tu: kufika kule ni mwendo gani?

"Siku nzima," akasema. "Ukitoka alfajiri unaingia jioni. Na kurudi hivyohivyo."

Wazazi wanaruhusiwa kutembelea Jumapili moja kwa mwezi, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Hesabu hiyo hata mimi niliyeacha shule mapema niliiweza. Ukienda na kurudi ni siku mbili njiani, na ukifika jioni geti limeshafungwa. Kwa hiyo hatutamwona mpaka muhula uishe. Miezi mitatu. Wakili, ambaye angeweza kubishana na jua kwa nini linachomoza upande ule, alisikiliza, akasema, "Sawa."

Mimi ni fundi cherehani, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nimeshona sare za watoto wa watu mpaka vidole vinajua njia vyenyewe. Za Wakili zilinishinda. Nilikata kitambaa, nikaunga mabega, nikafika kwenye pindo nikaziweka kando. Nasema wazi: nilikuwa naogopa. Mtoto hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja. Nilitaka siku saba tu, sisi watano ndani ya gari moja, kabla nyumba haijapungua mtu. Mtu akiwa na shida kama hiyo hasikilizi nani anapimwa kilo.

Ratiba yenyewe Dereva aliiandika nyuma ya fomu ya mizigo ya kampuni, kwa mistari iliyonyooka. Alipomaliza alisimama kutusomea, sauti imetoka kifuani.

"Siku ya kwanza. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Kugonga matairi, dakika kumi. Mizani ya kwanza, foleni ya saa mbili."

"Mizani ni nini?" Pilipili akauliza.

"Wanapima magari barabarani, kusiwe na aliyezidisha."

Pilipili akamtazama bibi yake kwa wasiwasi. Bibi akamkata jicho.

"Mteremko mrefu," Dereva akaendelea, "kusimama nusu saa kupoza breki. Kulala yadi ya malori, pana mlinzi na taa. Choo kila baada ya saa nne."

"Saa nne!" Mama mkwe akaruka. "Hiki kibofu changu unajua kina miaka mingapi?"

Dereva akainama akaandika: Mama, choo, kila saa. Ndivyo alivyo. Kila kitu kwake kinaingia kwenye mstari. Jumla ikatoka siku tatu kwenda, siku moja bustanini, siku tatu kurudi.

"Siku sita barabarani kwa siku moja ya bembea?" nikasema.

"Barabara ndivyo ilivyo, mama watoto. Mimi sikuichonga."

Sasa nani angebisha? Yeye ameipita barabara ile mara zisizo na idadi, sisi wengine hatujawahi kufika hata kwenye hiyo mizani ya kwanza. Mabasi yapo, ndiyo. Lakini nani ataenda kumuuliza kondakta wakati nyumbani kwake analala na dereva?

Jumatano shemeji yangu, mdogo wake Dereva, alituletea gari lake dogo. Yeye alikuwa anasafiri kikazi na mtu wa kulitumia hakuwepo. Dereva alilizunguka mara tatu, akachukua kile kirungu chake cha mbao akagonga tairi moja moja, sikio ameliinamisha asikie kama upepo umejaa, huku majirani wanachungulia. Mama mkwe akaenda kukaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akakaa nusu saa nzima gari limezimwa. Alisema anazoea.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya kuondoka, tukiwa tunapanga nguo, simu ikaita.

Niliijua ile simu kabla hajaipokea. Dereva alisimama dirishani, akasema "ndiyo bosi" mara nne, nilizihesabu, kisha akaiweka simu mezani.

"Likizo imepungua," akasema. "Siku tano. Alhamisi ijayo asubuhi niwe kiwandani."

Akaichukua ratiba, akaitazama kana kwamba itabadilika yenyewe. "Kwenda tatu, kurudi tatu. Siku tano hata lango hatuligusi." Akaikunja mara mbili. "Basi. Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini?" nikasema. "Mpigie umwambie hapana!"

"Nikisema hapana, lori anapewa mwingine."

"Lori! Lori! Mimi siku ya kuzikwa kwangu wewe utakuwa kwenye foleni ya mizani!"

"Punguza sauti, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Sipunguzi, mama! Mtoto anaondoka huyu! Akirudi atakuwa mtu mwingine, na sisi hatujawahi kukaa naye siku tano mfululizo baba yake akiwepo. Hata tano!"

Pilipili akaanza kulia. Wakili alikuwa amekaa sakafuni na viatu vyake mapajani.

Dereva akavua miwani. Nilidhani atanijibu kwa hasira, na nilikuwa tayari, ulimi nimeshaunoa. Akasema polepole, "Unadhani mimi sitaki? Kila nikipita pale nawaona watu wanashuka na watoto wao. Kuna siku nilimwona mtu amembeba binti yake mabegani, mtoto mkubwa kabisa, miguu inaburuza. Nikapiga honi nikapita. Nilipiga honi ili nisilie, mke wangu."

Hasira ikaniishia mwilini. Nikakaa kitandani juu ya nguo nilizokwisha kunja. Miaka yote nilikuwa namgombeza mtu ambaye maumivu yake ni yangu haya haya.

Hapo Wakili akanyoosha mkono. "Baba, naomba karatasi."

"Ya nini? Imeshakwisha."

"Nani kasema nimekubali? Mimi sijaisoma."

Akaikunjua sakafuni, akachukua penseli, akaanza kupita mstari kwa mstari. Sisi watu wazima tumekaa kama washtakiwa.

"Baba, hapa umeandika kilomita kumi na tano kwa saa."

"Hapo ni mlimani. Gia namba moja. Zaidi ya hapo haiwezekani."

"Nani hawezi?"

"Gari."

"Gari gani?"

Dereva akavaa tena miwani, akainamia karatasi.

"Na hapa kuna mizani," Wakili akaendelea. "Saa mbili, mara tatu. Tunakwenda kupimwa sisi?"

"Kila gari la mzigo lazima lipi..."

Mama mkwe aligeuka, akatazama nje dirishani. Gari la shemeji limeegeshwa pale chini ya waya wa nguo, dogo, jekundu, na soksi ya Pilipili imeliangukia juu. "Kwani hilo nalo," akauliza kwa upole, "linapoza breki nusu saa?"

Halafu mimi nikaanza. Nilicheka hadi nikashuka kitandani nikakaa sakafuni. Mume wangu, dereva wa madereva, alikuwa ametupangia safari nzima na tani ishirini na nane za saruji mgongoni! Ndiyo maana ya kilo. Ndiyo maana ya yadi ya malori. Alikuwa anatupeleka kwenye bembea kwa mwendo wa trela, na sisi sote tumekaa tunaitikia.

"Mganga hajigangi," mama mkwe akasema, machozi yanamtoka. "Nilijua mimi. Nilijua tangu aliponiita mzigo."

"Hukujua chochote, mama," nikamwambia.

"Sikujua," akakubali.

Dereva hakucheka mara moja. Aliendelea kuitazama ile karatasi mikononi mwa mtoto. "Sijawahi kuipita barabara ile kwa gari dogo," akasema. "Hata mara moja. Kwenda nina saruji, kurudi nina mbao. Mimi mlima ule naujua kuwa ni saa mbili. Nilidhani ni saa mbili kwa kila mtu." Kisha na yeye kikamshika kicheko, kile cha mabega, mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea.

Wakili alikuwa anaandika. Akafuta mizani, akafuta kupoza breki, akauliza kilomita, akagawanya. "Saa kumi na nne," akasema. "Tukilala mara moja njiani, tunaondoka Jumamosi, Jumapili mchana tumefika. Jumatatu nzima tunacheza. Jumanne na Jumatano tunarudi. Alhamisi baba uko kazini." Akaongeza, "Na tunabaki na muda wa kibofu cha bibi."

Pilipili akarusha nguo zote hewani. Mama mkwe akapiga vigelegele vifupi, vya mtu mwenye pumzi chache. Mimi nikamshika mtoto kichwa nikambusu juu ya nywele, lakini nikaona penseli bado inatembea.

"Sasa unahesabu nini tena?"

Hakunijibu mimi. "Baba. Na shule je?"

"Shule imefanya nini?"

"Iko kilomita mia tatu. Ulisema siku nzima."

Hapo hakucheka mtu. Dereva akashuka, akapiga magoti sakafuni karibu yake, akaichukua penseli mwenyewe. Tulimsikia ananong'ona. "Mizani mbili, toa. Mlima, toa saa moja na nusu. Kupoza breki, toa. Mapumziko ya dereva..." Akaandika namba, akaizungushia duara, akaitazama.

"Saa nne," akasema. "Nne kasoro."

Nikasimama nikaenda jikoni nikafungua bomba la maji, nikaliacha litiririke, nisisikike. Saa nne! Mwezi mzima nimemlilia mtoto aliye karibu. Ukiondoka alfajiri unakuta geti halijafunguliwa, unashinda naye, jioni unarudi unalala kwako. Mama mkwe akanifuata, akafunga lile bomba. "Maji yanamwagika bure," akasema, akanishika bega, na hakuondoa mkono.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tukawa ndani ya gari. Kona ya kwanza ya mtaa wetu Dereva aliikata kwa kuhama kwanza upande wa pili wa barabara, mbali kabisa, hadi tukakaribia mtaro.

"Trela tumeliacha kiwandani, baba!" mama mkwe akapiga kelele, ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mazoea, mama. Mazoea."

Kufika kona ya sita akawa amezoea. Kwenye mlima tuliwapita wenzake, malori yamepangana yanapanda kwa kuguna, naye akawapigia honi mmoja baada ya mwingine, anawataja kwa majina yao ya barabarani. Alipofika juu akapunguza mwendo, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Kumbe huku kunaonekana mpaka mtoni," akasema. "Mimi siku zote nakuwa naangalia geji ya joto."

Kupita shuleni lilikuwa wazo la Wakili. Alisema haamini namba isiyojaribiwa. Tulisimama nje ya geti saa tatu kasoro dakika kumi. Geti la chuma la bluu, ukuta mrefu, na nyuma yake majengo ya ghorofa moja moja na kamba za nguo tupu, kwa kuwa wanafunzi walikuwa likizo. Dereva akashuka kwenda kuongea na askari wa getini. Mama mkwe akashuka kuuliza choo, na Pilipili akamfuata.

Tukabaki mimi na Wakili kiti cha nyuma. Yeye anatazama lile geti.

"Si pabaya," nikasema.

"Hapana. Si pabaya."

Akasema bila kunitazama, "Mama, mimi nilikuwa nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kutokukuita. Tangu siku ile baba aliposema ni siku nzima. Nikitaka kitu natafuta mwenyewe. Tumbo likiuma nanyamaza. Nilitaka nikifika hapa niwe nimezoea. Juzi nilifika mpaka saa kumi jioni, sijakuita hata mara moja."

Mwezi mzima nilikuwa najisifu kwa wateja wangu pale kwenye cherehani: binti yangu amekua, hanisumbui tena, siku inapita hata sijasikia sauti yake. Kumbe alikuwa ananifungia nje kidogo kidogo, mtoto wa miaka kumi na mitatu, peke yake, ndani ya nyumba yangu.

Nikamvuta. Alikuwa mrefu kuliko nilivyokumbuka, magoti yake yakagonga kiti cha mbele. "Acha," nikamwambia. "Acha hayo mazoezi leo hii. Umesikia? Nitakuja. Kila Jumapili ya kutembelea nitakuja, na hata ukiwa humo ndani ukitaka kuniita, niite tu."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kamasi na yote, kama alivyokuwa akilia alipokuwa wa miaka mitatu, na mimi nikalia naye, na yule askari wa getini akageuka akatazama pembeni kwa adabu.

Dereva alirudi, akatukuta hivyo, akasimama na mlango wazi mkononi. Akasema tu, "Ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa nne. Mimi nikiwa na nafasi nawaleta. Nikikosa, mama yako atapanda basi, nimeuliza, linasimama palepale ng'ambo." Akamfuta mtoto uso kwa kitambaa chake cha kupangusia kioo, akaingia, akasubiri mama yake afunge mkanda.

Tukaondoka. Tulikuwa hatujamaliza hata kilomita tano Wakili akasema, "Mama."

"Nini?"

"Hamna kitu. Nakuita tu."

Baada ya daraja akaniita tena. Pale tulipokunywa chai akaniita, na usiku nyumba ya wageni akaniita kutoka kitanda cha pili, mpaka bibi yake akasema jamani huyu mtoto ana nini leo. Jumapili mchana lile gurudumu lilipotokeza juu ya mapaa ya nyumba nilikuwa nimeshapoteza hesabu, na kila alipoita niliitika.